Kiingereza Kinaanzia Nyuma

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa kumi

Nimenunua kaye mupya, daftari la mambo yangu. Ile ya zamani imejaa wino wa biki nyekundu ya mwalimu, hata kuifungua naogopa. Hii ni yangu peke yangu. Humu sitaandika Kiingereza hata neno moja. Nikitaka kutaja sentensi ya wenye luga hiyo, nitaiweka kwa maneno ya Kiswahili, vile wao wanavyoyapanga. Makosa yangu yabaki kule kwenye darasa la Kiingereza la jioni, yasinifuate nyumbani.

Habari kubwa! Kwenye mulango wa ukumbi wa parokia wamebandika tangazo. Garderi ya kule chini, karibu na ziwa, inatafuta mama wa kulea watoto wadogo. Nimelisoma mara tatu. Mustari wa nne unasema mama mwenye mutoto wa kunyonya anaweza kuja naye kazini. Kuja naye! Nimesimama pale mpaka mutu mumoja akaniuliza kama kuna tangazo la kifo.

Nilipokuwa nafanya kazi kwa fundi wa nguo, mwezi wa sita, patron alisema mutoto abaki nyumbani. Igiraneza wangu alikuwa na miezi mitatu. Alikataa chupa ya biberoni. Siku tatu alilia kwa jirani mpaka sauti ikakauka kama ya muzee. Siku ya nne niliacha kazi, na tangu siku ile nasema kwa watu kwamba napumzika.

Shida ni mustari wa tano. Lazima mama yule ajue kuandika Kiingereza kidogo. Kila siku anaandika katika kaye ya mutoto yale aliyofanya, na wazazi wa pale wengine ni wazungu, wengine wamekulia Uganda. Interro, mutihani wenyewe, ni Jumamosi, saa tatu ya asubuhi.

Maneno ninayo. Mia mbili na zaidi, nimeyahesabu. Kinachonikosa ni mupango. Leo mwalimu wetu, muzee Ndayambaje, aliniambia nisimame nieleze nyumba yangu. Nikasema "nyumba yangu kubwa", kila neno kwa Kiingereza safi, moja nyuma ya lingine, kama mama yangu angesema. Mwalimu akavua miwani. Akasema: "Mama Igira, wageni wote wamefika, lakini wameingia kwa dirisha."

Darasa lote lilicheka. Rosine alicheka akifunika mudomo na kitenge, na hiyo ni mbaya kuliko kucheka wazi. Rosine ni jirani yangu hapa Mapendo, ukuta mumoja unatutenganisha. Alikaa Kampala miaka miwili. Tangazo amelisoma pia. Nilimuona anaandika tarehe kwenye kiganja.

Darasani walishaniuliza nilifika wapi na masomo. Nilisema quatrième secondaire, mwaka wa nne wa sekondari. Ukweli ni sixième primaire, darasa la sita. Kuandika tu hapa, masikio yamepata moto.

Jumanne, tarehe 3

Nimeipata! Nimeipata, Mungu wangu, nimeipata!

Nilikuwa kando ya barabara, Igira mugongoni, nangoja kuvuka na ndoo yangu. Ambulansi ikaja kutoka upande wa Kibati, mbio sana. Mbele yake neno limeandikwa kinyume. Herufi zote zimegeuka, ya mwisho iko mwanzoni. Niliwaza fundi alikuwa amelewa. Halafu nikawaza tena: gari ya pesa nyingi vile, wazungu wenyewe wameileta, hawawezi kukosea. Basi ni hivyo wanavyoandika! Wao wanaanzia nyuma!

Nimekaa chini na ndoo yangu, nimejaribu. "Gari nyekundu." Kwa Kiingereza: nyekundu gari. Ni kweli! "Mutoto wangu." Wangu mutoto. Kweli! "Maziwa ya ng'ombe." Ng'ombe maziwa. Kweli! "Chumba cha kulala." Lala chumba. Kweli kabisa, iko kwenye kaye, mwalimu mwenyewe aliandika.

Kiingereza si luga ngeni. Ni maneno yetu, yanasomwa kutoka mwisho. Rosine amekaa Kampala miaka miwili hajaona hii. Mimi nimeiona siku moja, na mutoto mugongoni.

Sitamwambia mutu.

Jumatano, tarehe 4

Leo nilikuwa mutu mwingine. Mwalimu aliuliza "viatu vyeusi", nikageuza, nikajibu. "Mulango wa shule", nikageuza. "Rafiki yangu muzuri"... pale nilisema muzuri yangu rafiki, na yeye akasema yangu iende mbele, lakini alisema kwa upole. Nane kati ya kumi. Muzee Ndayambaje aliniangalia kama mutu aliyemukuta mbuzi wake anapiga gita. Rosine hakugusa kitenge chake.

Jambo moja dogo. "Nyumba kubwa nyeupe ya mawe." Niligeuza vizuri: mawe nyeupe kubwa nyumba. Mwalimu akakataa. Anataka kubwa nyeupe mawe nyumba. Nafikiri muzee alikuwa amechoka. Macho yake si mazuri tena, na ilikuwa karibu saa ya kutoka.

Njiani Rosine akanifikia. Akaniuliza nasomea wapi siku hizi. Nikasema nina binamu Nairobi, ananipigia simu kila asubuhi. Sina binamu Nairobi. Sina hata unite za kupigia kwenye simu.

Alhamisi, tarehe 5

Rosine alikuja na avoka mbili na akamubeba Igira bila kuomba. Igira akamuchekea. Nimeona uchungu kidogo.

Akasema anataka kunisaidia kabla ya Jumamosi. Akafungua mukono wake mbele yangu. Sentensi ya Kiingereza ni vidole vitano. Kidole gumba ni mutu anayefanya. Cha pili ni kile anachofanya. Cha tatu ni anayefanyiwa. Cha nne ni mahali. Kidole kidogo, cha mwisho, ni saa ama siku. Akasema kwa maneno mawili matatu unaweza kugeuza, gari nyekundu na vitu kama hivyo, lakini sentensi nzima usiipindue hata siku moja. "Anayefanya anakaa mbele, Mama Igira. Hata akiwa mutoto, usimuondoe pale."

Nilimushukuru. Nilimupikia chai. Ndani yangu nilikuwa nawaza: huyu mutu anataka kazi yangu, sasa kwa nini ananifundisha? Na kwa nini anasema nisipindue, wakati kupindua ndiyo siri yenyewe? Ameona nimeipata. Anataka niiache.

Basi na mimi nikamupa zawadi. Nikamwambia nimesikia interro ya Jumamosi imesogezwa, sasa ni saa tano.

Akaniangalia. Akasema asante.

Avoka zilikuwa tamu sana. Nimekula zote mbili, na sikuweza kumaliza bugali.

Ijumaa, tarehe 6

Siku nzima nageuza. Sentensi fupi za garderi, zile mzazi anataka kusoma. Naandika kwa Kiswahili, naanza na neno la mwisho, narudi mpaka la kwanza, halafu natia Kiingereza. Sahau vidole.

Bwana yangu Paulin alirudi kutoka Murara, kule anatengeneza simu za watu, akanikuta nasema peke yangu kwa ukuta. Nilishindwa kuficha. Nikamweleza siri yote, ambulansi na yote. Halafu akauliza: "Sasa mimi ni bwana yako, ama yako bwana?" Akaenda kunawa mikono anacheka. Baadaye, wakati wa kula, akasema sombe nzuri, akajisahihisha, nzuri sombe. Na Igira akacheka, hajui hata anacheka nini. Wote wawili wananicheka ndani ya nyumba yangu.

Lakini kabla ya kulala Paulin aliniuliza kwa sauti ya kweli kama wakinikatalia nitafanya nini. Nikasema hawatanikatalia. Akasema hakuna shida, atafanya kazi na Jumapili. Mukono wake una alama za moto wa kuchomelea simu. Sikutaka kusikia Jumapili ikitajwa.

Jumamosi, tarehe 7

Sijui kama nitaweza kuandika. Nitaandika.

Nilifika saa mbili na nusu. Rosine alikuwa ameketi kwenye benchi tayari. Kanzu yake imepigwa pasi. Akanisogezea nafasi. Hakusema kitu kuhusu saa tano. Ningependa angenitukana.

Tulikuwa wanne. Mukubwa wa garderi anaitwa Madame Perpétue, mama munene, sauti ndogo. Akaeleza: kila mumoja atapewa mutoto mumoja kwa saa mbili. Halafu ataandika katika kaye ya mutoto. Mzazi akija, sentineli anayelinda anamupa kaye mulangoni, anasoma wakati mutoto anavalishwa viatu. Ni hivyo wanavyofanya kila siku.

Mimi nilipewa Umutesi, miaka miwili, nywele fupi, mashavu kama mandazi. Nilimupenda palepale. Igira nilimuweka kwenye mukeka, Umutesi akaketi karibu, akawa anamupa vitu vyote vya chumba, kimoja kimoja. Akala ndizi. Akavunja sahani ya plastiki. Nikamuosha mikono. Wakati nilichukua vipande vya sahani, akakasirika, akaniuma hapa juu ya kiwiko, meno yote aliyo nayo. Sikulia. Nikamuimbia. Akalala shingoni mwangu.

Watoto wa wengine walikuwa wanalia. Wangu wawili walikuwa wamelala. Madame Perpétue alipita, akaona, akafanya kwa kichwa hivi, kidogo. Nikajua kazi ni yangu. Imebaki kuandika tu.

Niliandika sentensi nne. Nilisema ukweli mutupu, hata kuumwa sikuficha, maana mzazi ana haki ya kujua. Niligeuza kila moja bila kosa. Nikamupa sentineli kaye, nikarudi kuvalisha viatu.

Mama wa Umutesi anaitwa Victoire. Amekulia Uganda. Nilisikia sauti yake mulangoni, haikuwa sauti ya mutu anayesalimia. Akaingia mbio, akamunyakua mutoto mikononi mwangu, akaanza kumutazama mikono, shingo, miguu. Mutoto akaamka, akalia, akaninyooshea mikono mimi. Hiyo ilimukasirisha zaidi.

Akasoma kwa sauti mbele ya wote, halafu akatafsiri ili kila mutu asikie vizuri. Kaye ya mutoto wake inasema hivi: Ndizi imekula Umutesi. Sahani imevunja Umutesi. Umutesi ameniosha mikono. Na chini kabisa, na jina langu kando: Mimi nimemuuma Umutesi.

Nilitaka kusema. Kiingereza kilikimbia, Kifaransa kilikimbia, hata Kiswahili. Nilibaki na mudomo wazi na kiatu kimoja cha mutoto mukononi.

Mama Victoire akauliza mimi ni mutu wa namna gani. Sentineli akasogea karibu yangu. Kwangu! Kama mwizi.

Rosine ndiye alisimama. Akaomba kaye. Akasoma polepole, nikaona mudomo wake unatetemeka, na hakuufunika. Akasema: "Mama, huyu dada hakuuma mutu. Amepindua maneno. Kila sentensi soma kutoka nyuma." Akanishika mukono, akapandisha nguo yangu, akaonyesha alama ya meno. Meno madogo, sita juu. Akasema hata mutu akitaka kuuma hawezi kujiuma pale.

Mama Victoire akasoma kutoka nyuma. Akatazama mukono wangu. Akatazama mutoto wake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba nyumbani pia anauma.

Wengine walicheka basi, wote, hata sentineli. Mama Victoire aliomba musamaha. Mimi niliomba musamaha. Madame Perpétue alifunga kaye, akasema atatuma habari.

Nilirudi kwa miguu mpaka Mapendo. Sikutaka kupanda pikipiki, dereva angeniuliza kitu.

Jumapili, tarehe 8

Sikwenda misa. Nilimwambia Paulin tumbo linauma. Alinijua lakini aliniacha, akaenda Murara kufungua kibanda. Jumapili.

Rosine akaja baada ya misa. Nilijificha kwanza, lakini Igira alimusikia akapiga kelele. Nikatoka. Nilikuwa nimepanga maneno ya musamaha tangu asubuhi, marefu, na nikayasahau. Nikasema tu kwamba saa tano ile ilikuwa uongo.

Akasema: "Nilijua. Tangazo nililisoma nyuma ya mugongo wako, Mama Igira. Ulisimama mbele yangu nusu saa."

Nikamuuliza kwa nini basi alinisaidia. Akasema kwa sababu kuandika kitu kama kile na kukiwekea jina, mutu lazima awe hana uovu. Sijui kama alinisifu. Nikamwambia pia hakuna binamu wa Nairobi. Akasema na hiyo alijua.

Halafu akatoa simu. Madame Perpétue ameandika. Anatuchukua wote wawili, mwezi mumoja wa kujaribu. Rosine ataandika kaye zote. Mimi nitalea, Igira atakuja nami. Sharti ni moja tu, na Rosine alinisomea mara mbili: Mama Igira asiguse biki.

Nililia mpaka Igira akaanza kunifuta uso na mukono wake wa uji.

Sitagusa. Naapa hapa. Hata hii kaye, nikimaliza ukurasa nitaacha.

Jumatatu, tarehe 9

Siku ya kwanza. Watoto sita, na Igira wa saba. Alinyonya mara nne, saa yake, bila mutu kunikunjia uso. Nilikuwa namuangalia analala kati ya watoto wa wakubwa, mukeka mumoja, nikaona haya ya furaha. Sijui kama haya ya namna hiyo ina jina.

Rosine aliandika kaye zote kwa robo saa. Mustari mumoja kila mutoto. Nilisimama kando, mikono mugongoni, kama mutu wa magereza. Mustari mumoja! Mutoto amefanya vitu arobaini.

Saa kumi na moja tulienda darasani. Muzee Ndayambaje alifundisha kitu kipya. Sikusikia mwanzo, Igira alikuwa amejichafua, nilitoka kumubadilisha. Niliporudi mwalimu alikuwa kwenye tablo na chaki, anasema: "Mnageuza mawili ya mbele tu. Mengine yote yanabaki mahali pake."

Mawili ya mbele tu!

Basi nilikuwa na haki! Wanageuza! Kosa langu lilikuwa kugeuza yote mpaka mwisho. Nilizidisha. Kwa Kiingereza "amekula" ni maneno mawili, na lile dogo linaruka linakaa mbele ya mutoto. Ni hilo tu. Kidogo vile kilininyima amani siku mbili nzima.

Njiani nikamueleza Rosine. Akasema hapana, ile ya leo ni ya kuuliza tu, mutu hageuzi kama haulizi; ukigeuza, umeuliza kama mutoto amekula.

Rosine ni mutu muzuri, nimeshaona mwenyewe. Lakini mutu muzuri pia anaweza kupenda kubaki yeye peke yake na biki.

Jumanne, tarehe 10

Naandika haraka, niko kwenye kiti nje ya bureau, ofisi ya Madame Perpétue.

Jino lilimushika Rosine saa sita. Shavu lilivimba, akaenda kutafuta dawa, akaniambia kaye zibaki tupu, wazazi wataelewa. Madame alikuwa mjini. Saa tisa na nusu kaye sita zilikuwa mezani, tupu. Niliwaza mama anatoka kazini, anafungua, anakuta hakuna kitu. Kama vile mutoto wake hakuishi leo. Mimi ningelia.

Nimechukua biki.

Si kwa ukaidi. Kwa huruma. Nimeandika sentensi tatu katika kila kaye, herufi nzuri, bila kufuta. Kwamba mutoto wako yuko hapa na sisi. Kwamba mutoto wako amekula. Kwamba mutoto wako ameamka vizuri. Na kila sentensi nimegeuza yale mawili ya mbele tu, mengine nimeyaacha mahali pake, kama mwalimu alivyosema. Nimesoma tena. Hakuna ndizi inayokula mutu.

Wazazi wamekuja. Sentineli amewapa kaye. Mama Victoire amesoma mustari wa kwanza, hakungoja viatu, ameingia mbio, amemukumbatia Umutesi kama alikuwa amepotea. Nyuma yake baba wa mapacha, mbio pia, anaita majina yao kwa nguvu, na mapacha wako palepale miguuni pake. Halafu wengine. Wote sita! Hakuna aliyebaki nje. Sijaona wazazi wanaopenda watoto namna hii, siku ya kawaida, Jumanne.

Sasa Madame Perpétue amerudi, wako naye ndani. Wanasema wote pamoja, Kiingereza, sielewi vizuri. Nasikia tu kwamba kila mumoja anamusomea mistari yangu, na anapomaliza sauti yake inapanda juu, juu kabisa, na yeye anaangalia mulango. Naona wameipenda.

Madame ameniita. Nimemufunga Igira vizuri mugongoni, nimefuta wino kidoleni. Wakiniomba niandike kila siku, nitakubali, lakini nitasema Rosine naye abakiziwe kaye moja mbili, asione vibaya.